Anafumua Mpaka Wapi

Somo lilikuwa limefika kama dakika ya hamsini pale mwalimu alipoacha kuandika. Kishale kikasimama mwisho wa mstari, kikawa kinapepesa tu. Akanyamaza kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba njia hii itatubana huko mbele, kisha akaanza kufuta. Msimbo aliokuwa ameujenga karibu saa nzima ukapungua kutoka chini kwenda juu, mstari baada ya mstari, mpaka skrini ikabaki na kipande kidogo cha mwanzo.

Nilikuwa nyumbani kwa shangazi, Kihesa, Iringa. Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya huko inawafanya watu wakae jikoni hata chakula kikishaiva. Shangazi alikuwa nyuma yangu na milulu mapajani, ameanza kapu jipya. Kompyuta hajawahi kuigusa, na Kiingereza hakijui, lakini aliinua macho papo hapo mwalimu alipoanza kufuta.

"Mbona anafumua?"

"Ameona amekosea, shangazi. Anaanza upya."

"Anafumua mpaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikairudisha video nyuma, tukaitazama wote wawili. Kumbe mwalimu hakufuta yote. Kile kipande cha mwanzo, kilichoeleza vitu vyenyewe ni nini kabla ya kueleza vitaonekanaje, hakukigusa. Nikaweka kidole kwenye skrini: mpaka hapa. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kitako cha kapu lake.

Kitako ndicho kinachoanza. Nimemwona akisuka tangu sijaanza shule: anachukua milulu michache, anaikutanisha katikati, anaizungushia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hapo mkono hauna haraka hata kidogo. Pembeni mkono hukimbia, anaweza kusuka huku anapiga soga na jirani. Akikosea pembeni anafumua mizunguko miwili mitatu na kuendelea. Akikosea kitakoni halafu akagundua kapu likiwa limefika kimo cha goti, hana la kufanya ila kulifumua lote au kulikubali lilivyo, na sijawahi kumwona akilikubali. Tangu siku ile ya Juni nimeacha kueleza usanifu wa programu kwa maneno ya vitabuni. Kijana akiniuliza usanifu ni nini, namrudishia swali la shangazi. Ukikosea, utafumua mpaka wapi?

Ninafanya kazi hii Mbeya, na lugha yangu ya kazi ni Swift. Bado ni lugha changa. Chris Lattner, Mmarekani aliyekwisha kujipatia jina kwa mradi wa LLVM, aliianza mwaka 2010 akiwa Apple, kwanza peke yake, usiku na mwisho wa juma. Ikatangazwa Juni 2, 2014 huko San Francisco. Nembo yake ni ndege wa jamii ya teleka, wale wenye mabawa kama mundu ambao wengi wetu tunawachanganya na mbayuwayu na ambao jioni hukata anga karibu na mlima Loleza kama wametupwa. Kilichonifikia mimi, hata hivyo, ni uamuzi wa Desemba 2015: Apple iliufungua msimbo wa Swift kwa kila mtu na kuiwezesha kukimbia kwenye Linux. Kwa mtu aliyepanga chumba Iyunga, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ambacho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi tu, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Mac sikuwa nayo. Nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na Ubuntu ilitosha kujifunza lugha yenyewe: aina za data, itifaki, fankisheni, makosa na namna ya kuyashughulikia. Programu za iPhone wakati ule hazikutengenezwa bila Mac, na Mac mini yangu ya kwanza, mtumba pia, ilikuja baadaye sana, imesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam imefungwa kwenye blanketi, ikapanda Kitonga na kupita Iringa mpaka Mbeya. Lakini ilinikuta naijua lugha.

Walimu wangu wote walikuwa ndani ya video. Chuo Kikuu cha Stanford kimekuwa kikiweka hadharani, bure, kozi yake ya kutengeneza programu za iPhone, ile inayojulikana kwa namba CS193p, na mwalimu wake Paul Hegarty ni mtu aliyewahi kufanya kazi NeXT, kampuni ya Steve Jobs. Mwaka 2020, vyuo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya Uviko, alifundishia kwenye skrini, akijenga mchezo wa karata za kukumbuka kuanzia faili tupu. Baadaye nikawapata Brandon Williams na Stephen Celis, ambao tangu mwaka 2018 wametoa mfululizo wa masomo uitwao Point-Free, wawili wakizungumza huku wanaandika, mmoja akiuliza lile swali ambalo wewe mtazamaji ulikuwa unaona aibu kuliuliza. Na kila Juni kuna mihadhara ya Apple yenyewe. Nilikuwa nashusha masomo usiku, bando la usiku likiwa rahisi, nikiyatazama mchana hata umeme ukikatika, mpaka betri iishe.

Kitabu nakiheshimu, lakini kitabu hukupa kapu lililokwisha kusukwa. Unaona pambo limekaa vizuri na mdomo umefungwa sawasawa, usijue fundi alisitasita wapi. Ufundi wetu wa zamani haukufundishwa hivyo. Mwanagenzi alikaa chini ya fundi miezi na miaka, akishika taa, akipitisha patasi, akitazama mkono unavyosita kabla ya kukata. Alichojifunza zaidi ni kule kusita. Video imenirudishia nafasi ya mwanagenzi pembeni ya benchi la mtu aliye California, na imeongeza jambo ambalo mwanagenzi wa zamani hakulipata: kumwambia fundi arudie mara saba bila kumchosha.

Kuna kujidanganya kwingi pia katika njia hii, na nilijidanganya mwaka mzima. Nilikuwa naandika mwalimu anachoandika, herufi kwa herufi, programu inakimbia, nalala nikijiona mjuzi. Asubuhi nikifungua faili tupu sikuweza kuandika chochote. Kunakili mkono wa fundi si kujua kazi yake. Sasa utaratibu wangu ni mmoja: natazama somo zima mikono imekunjwa, nafunga kompyuta, nakwenda zangu Mwanjelwa kununua mboga au popote pale, halafu nikirudi naandika kutoka kichwani. Panaponishinda ndipo palipo na somo. Hata kuchakaa kwa video kulinisaidia. Mwaka 2016, Swift 3 ilibadilisha majina ya vitu karibu kila kona, kiasi kwamba msimbo wa masomo ya 2014 na 2015 haukukubali tena kukimbia. Nilikasirika. Kisha nikalazimika kuuliza mwalimu alikuwa anataka nini, maana alichoandika hakikunifaa tena.

Mabadiliko yale ya majina yalinifunulia pia uhusiano wa Swift na Kiswahili. Kanuni za Swift zinasema jina la fankisheni lisomeke kama sentensi: ile inayobadilisha kitu chenyewe iwe kitenzi cha kuamuru, na ile inayokuachia kitu kama kilivyo na kukupa kingine iwe na umbo la jambo lililotendeka. Kiingereza hulifanya hilo kwa kubandika viambishi viwili vitatu mwishoni. Kiswahili kina ghala zima. Orodha ya wakulima naiambia *panga*, nayo inajipanga palepale. Naiomba *iliyopangwa*, nayo inanipa orodha nyingine, ya kwanza ikibaki kama ilivyokuwa. Kiambishi cha ngeli, kiambishi cha wakati, kirejeshi na kauli ya kutendwa vyote vimo ndani ya neno moja, na msomaji anajua nani amefanywa nini. Kwenye msimbo wangu kuna *pimaKahawa*, *toaStakabadhi*, *iliyolipwa*. Swift haijali jina limeandikwa kwa lugha gani. Mwenzangu akisoma faili langu hasiti mahali ambapo angesita kwa Kiingereza, na nadhani kila mwandishi wa programu wa kwetu anafaa kulijaribu hilo walau mara moja.

Kahawa niliyoitaja ni ya Mbozi. Siku hizi iko Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini kwa miguu na kwa basi ni jirani yetu vilevile. Chama kimoja cha msingi cha ushirika kilipata tableti mbili za iPad kutoka kwa mnunuzi wao, wakaniomba niwatengenezee programu ya kupokelea kahawa mbivu. Mkulima analeta kiroba, kiroba kinakaa kwenye mizani, mizani inatuma uzito kwa Bluetooth, karani anathibitisha, stakabadhi inatoka. Nilifurahi kama mtoto, nikaitengeneza wiki tatu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la Swift. Lugha nyingi zinaruhusu kitu kisichokuwepo kijifanye kipo. Tony Hoare, Mwingereza aliyeliingiza wazo hilo kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama London mwaka 2009 akaliombea radhi hadharani, akalihesabu kuwa kosa la dola bilioni moja. Swift imelikataa kosa hilo. Kama thamani inaweza kukosekana, lazima uiandikie alama ya kuuliza, na kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haitakuruhusu kuitumia mpaka umeeleza utafanya nini ikikosekana. Ukiweka alama ya mshangao unaapa kwamba ipo, na ukiwa umeapa uongo programu inaanguka palepale. Na kuna njia ya tatu, alama mbili za kuuliza, yaani kama haipo basi chukua hii badala yake.

Nilitumia ile ya tatu. Mizani isipojibu, niliandika, chukua sifuri. Kompaila ikaridhika, na mimi nikaridhika.

Siku ya malipo alikuja mama mmoja na stakabadhi imekunjwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa ameleta viroba viwili siku moja, amevishusha kwa kichwa kutoka mlimani kwa safari mbili. Stakabadhi ya kiroba cha pili ilisema kilo 0. Karani alikuwa amethibitisha bila kusoma, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na tableti ilionyesha alama ya kijani, na alama ya kijani niliiweka mimi. Majirani waliokuwa kwenye foleni siku ile wakashuhudia, viongozi wakamlipa. Lakini nilikuwepo, na nilimwona akiielekeza karatasi kwangu bila kuniambia kitu.

Sifuri ni kipimo. Ina maana tumepima, hakuna kitu. Kutopima ni jambo jingine kabisa, na lugha niliyokuwa nikiisifu ilikuwa imeniuliza, wazi kabisa, kwa alama ya kuuliza, nifanye nini nisipopima. Nikaijibu ovyo ili ininyamazie.

Nikarudi Mbeya, nikafungua kazi kuirekebisha. Uzito sasa usiwe namba tupu, uwe moja ya hali tatu: umepimwa na ni kilo kadhaa, haujapimwa, au mizani imekataa. Swift ina kitu cha kueleza hali kama hizo, enamu, na kompaila hukagua kwamba hukusahau hata moja. Nikabadilisha, nikabonyeza, skrini ikajaa wekundu. Makosa zaidi ya arobaini. Kilo zilikuwa zimetapakaa kila mahali: ukurasa wa kupokelea ulizishika, ukurasa wa malipo ulikuwa na nakala yake, stakabadhi ilizihesabu upya, ripoti ya wiki ilizihesabu kwa namna nyingine kidogo. Anafumua mpaka wapi? Mpaka kitakoni.

Wiki ile ndipo masomo niliyokuwa nimeyatazama yakaacha kuwa masomo. Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyetokea kwenye programu za kusanifu meli, akiwa mgeni katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, alipendekeza kazi igawanywe: modeli inayoshika ukweli, mwonekano unaouonyesha, na mdhibiti anayepokea agizo la mtu. Waandishi wa programu za iPhone walimrundikia mdhibiti kila kazi mpaka akawa hapiti mlangoni. Ndiyo sababu mpango mwingine, alioueleza John Gossman wa Microsoft mwaka 2005, umependwa sana tangu SwiftUI, zana ya Apple ya kujengea mwonekano, ilipotoka mwaka 2019: kati ya modeli na mwonekano anakaa mfasiri, na mwonekano wenyewe hauna kumbukumbu, unachora tu kile modeli inachosema sasa hivi. Hayo yote nilikuwa nimeyasikia, na katika mtihani ningeyajibu. Nilikuwa sijayaamini.

Niliyaamini nilipoikumbuka ofisi ya kile chama. Pale mezani pana daftari moja kubwa, jeusi, na wakati wowote kuna daftari moja tu. Mkulima anapewa stakabadhi, nayo ni nakala: aichoree apendavyo, aimwagie chai, daftari halibadiliki. Hiyo ndiyo strakti ya Swift. Ukimpa mtu, unampa nakala yake, atakachoifanyia hakikuhusu. Klasi ni daftari lenyewe: wote wanaolishika wanashika kitu kimoja, na mmoja akiandika, wote wameandikiwa. Nilikuwa nimekaa miaka nikisikia Hegarty na wengine wakisisitiza uanze na strakti na uikimbilie klasi pale tu kushirikiana kunapohitajika, nikidhani ni mapendeleo ya walimu. Karani wa Mbozi angeniambia siku ya kwanza. Hakuna anayempa kila mkulima daftari kuu aende nalo nyumbani.

Na kuna dirisha la ofisi ile, nalo lilinifundisha. Tableti zilikuwa mbili, zikiandika pamoja kwenye jumla moja ya siku, na mara chache, wakati usioweza kuutabiri, jumla ilipoteza kilo kadhaa. Makarani wawili walisoma namba ileile, kila mmoja akaongeza ya kwake, wa mwisho akafuta kazi ya wa kwanza. Kwenye tableti zenyewe niliwalazimisha watume maingizo, siyo jumla. Ndani ya programu, ambako kazi nyingi hukimbia kwa wakati mmoja na kugombania kitu kilekile, Swift 5.5 ya mwaka 2021 ilileta akta, na Swift 6 ya mwaka 2024 ikamwezesha kompaila kukataa kabisa kazi yenye mgongano wa namna hiyo. Akta ni karani mmoja nyuma ya dirisha moja. Hakuna anayeingia ndani kushika daftari. Unapanga foleni, unasema shida yako, unasubiri zamu yako. Neno la kusubiri limeandikwa waziwazi kwenye msimbo, ili asomaye ajue kwamba hapa pana foleni na kwamba mambo yanaweza kubadilika kabla zamu haijafika. Mara ya kwanza kuliona somo la akta nilisimamisha video nikacheka kwa furaha, peke yangu chumbani, usiku wa manane. Walikuwa wameijenga ofisi ya chama cha msingi ndani ya lugha.

Kufumua kulinichukua siku kumi na mbili. Kilo zikahamia mahali pamoja, na kila ukurasa ukawa unauliza pale. Mwezi mmoja baadaye chama wakaomba jambo jipya: uzito wa kiroba chenyewe utolewe kwenye kipimo. Zamani ningelia. Nilifungua faili moja, nikaongeza mistari minne, vipimo vya majaribio vikapita vyote, nikanywa chai ya Rungwe ikiwa bado ya moto. Nikampigia shangazi Iringa, nikamwambia nimefumua mzunguko mmoja tu. Akaniuliza kitako nimekiona kikoje. Nikamwambia kimekaa. "Haya," akasema, na tukaendelea na habari za mahindi.

Msimu uliofuata nilikwenda Mbozi siku ya kwanza ya kupokea. Ukungu ulikuwa haujaondoka, foleni imeanza alfajiri. Mama yule alikuwa wa sita au wa saba. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanitambua, akaweka kiroba chake kwenye mizani. Betri ya mizani ilikuwa imelala kwa baridi. Tableti haikuonyesha kijani wala namba. Iliandika, kwa herufi kubwa nyeusi, *Haijapimwa*, na kitufe cha stakabadhi kikagoma kubonyezeka. Karani akatoa betri, akaisugua viganjani, akairudisha. Mama hakuondoka pale. Aliinama akakisogeza kiroba katikati ya sahani ya mizani kwa mikono yake mwenyewe, akasimama akiitazama skrini, na sisi wote nyuma yake tukiitazama, mpaka namba ikaja.